Mlingoti wa Saba

Waliusimika mwezi wa Shaabani,
ng'ambo ya ukuta wa bohari la makontena, hapa Changamwe,
na tangu usiku ule chumba changu hakijui magharibi.
Mwanga huingia bila hodi,
hupenya chandarua,
hunikalia kopeni kama mdai.

Jogoo wa jirani amechanganyikiwa:
huwika saa nane, huwika saa tisa,
alfajiri ikifika, sauti imemkauka.
Kunguru nao hubishana juu ya waya
kama wachuuzi wa Kongowea wanaogombea gunia moja.

Miaka ishirini na sita nilikuwa karani wa bandari.
Nambari za makontena zilikaa kichwani kama Fatiha.
Sasa nasimama jikoni, sufuria mkononi:
nataka kupika, au nimeshapika?
Juzi nimemwita mjukuu kwa jina la paka.
Akacheka. Nikacheka.
Kisha sikucheka.

Daktari Mghoi hakunipa vidonge.
Aliuliza, "Dirisha lako latazama wapi?"
Akasema ubongo una zamu yake ya usiku:
giza likishika huingia wafagiaji,
wakaosha masizi ya mchana, wakamwaga maji machafu.
"Lakini kwako, Mzee Famau, taa inawaka.
Wamesimama mlangoni na ndoo zao,
wakingoja ufunge duka."

Nikatundika dirishani leso ya marehemu mke wangu.
Mwanga ukaipita, ukaandika jina lake ukutani,
herufi zimegeuka, lakini zasomeka:
*Usilolijua ni usiku wa giza.*
Nimelisoma wiki tatu, chali, macho makavu.
Ewe Mwanaamina,
mie nisilolijua ni giza lenyewe.

Alhamisi stima ikapotea, Miritini hadi Mikindani.
Jenereta la bohari likakohoa mara tatu, likanyamaza.
Mtaa mzima ukalaani,
joto, feni zimekufa, samaki wataoza kwenye friji.
Mimi nilinyoosha mkono mbele ya uso
na sikuuona.
Sijui nililala saa ngapi.

Jua li juu ya mapaa nilipoamka,
na jogoo anawika, kama mwenye haya.
"Rehani," nikaita, "niletee maji."
Mtoto akaja mbio, akanitazama,
bilauri ikimtetemeka mkononi.

Saa nne stima ikarudi. Watu wakapiga vigelegele.
Mlingoti wa saba ukawaka juani,
mchana kutwa,
wala hakuna aliyekwenda kuuzima.