Kisanduku cha Misfat

Nimekifunga Misfat, juu ya falaji,
kipime maji yanavyoshuka mitendeni.
Nimekinyima karibu kila kitu:
hakina kioo, hakina kibodi,
Linux yake nzima ni megabaiti nane,
nyepesi kuliko picha moja ya harusi ya Zuwena.

Lakini mlango?
Mimi niko Ruwi, ghorofa ya nne,
na jabali liko katikati.

Kwanza niliweka nywila. Kulipokucha
nikakuta hodi elfu tatu za watu nisiowajua,
root, root, admin, root,
wanatikisa kitasa kama watoto wa jirani.
Nikafuta nywila, nikaacha ufunguo:
nusu kule, nusu kwangu, na yangu haisafiri.

Bado sikulala.

Nikamkumbuka mama, Al Hamra,
hamfungulii mtu baada ya isha
hata useme ni mwanawe.
Yeye ndiye hupiga simu:
"Umekula? Haya." Kakata.

Nikauziba mlango.
Nikaandika mistari kumi na mmoja:
ikifika isha chombo kitoke chenyewe,
kinitafute, kiulize kama nipo,
kinishikie uzi dakika tano nipenye,
kisha kikate.

Isha ikapita, kimya.
Nikala wali wa jana, nimesimama.
Saa tano na nusu, macho mazito, kikaita.
Kumbe saa yake iko nyuma kwa saa nne.

Sikuirekebisha papo hapo. Nilisoma kwanza:
maji, sentimita kumi na nne.