Mziba Mashimo

Mwaka wa tisa naziba mashimo barabara ya Kangundo,
koleo, lami ya moto, viatu vimeliwa visigino.
Nalijua shimo kabla halijawa shimo:
maji yametua penye ufa, yamekosa pa kwenda,
yakalala.

La Kerubo sikuliona.
Jino la nyuma, doa jeupe kama chaki;
nikasema, la utoto hilo, litang'oka lenyewe.
Doa likawa kahawia. Akaanza kutafunia upande mmoja.
Usiku ule alilia hadi jirani wa juu akagonga sakafu.

Zahanati ya Kariobangi, Daktari Halake
akanipa kioo chenye mpini, nichungulie.
"Analala na nini mdomoni?"
Chai, nikasema. Ya maziwa, vijiko vitatu. Ndiyo humbembeleza.
"Yeye hulala. Vijidudu havilali.
Vinakula ile sukari, vinatema asidi,
na usiku mate ni haba."

Nikainamisha kichwa, mimi fundi wa mashimo.

Sasa chai ni ya saa kumi, usiku ni maji.
Kisha twasimama karaini sote wawili,
dawa ya meno kama punje ya minji,
namshika mkono mpaka kule nyuma anakokwepa.
Anatema, hasukutui.

"Na wewe, baba? Fungua."
Anamulika kwa tochi ya simu, kimya,
kama mkaguzi wa kaunti aliyeshuka garini.
Moja, anasema.
Mbili.
Nami siwezi kujitetea, mdomo u wazi.