Usidai

Saa nne usiku, duka limefungwa,
Guraya imebaki na paka na jenereta ya jirani,
nami nimeketi juu ya rundo la viti vya plastiki,
kompyuta pajani,
nakodi.

Miaka thelathini tumekodisha sisi:
sufuria za pilau, masinia, majagi,
mahema ya harusi, mahema ya matanga
(ni hayo hayo, tunabadilisha mapazia).
Leo zamu yetu kuwa wateja.

"Wingu hilo la nani?" Mama auliza,
goti lake bovu juu ya kreti ya soda.
La kampuni. Seva zenyewe ziko Afrika Kusini.
"Na nani azisugua?"
Wao. Wanaziba nyufa, wanabadilisha vitasa,
saa tisa usiku wanatoa nakala, wanaiweka chumba kingine.
Sisi kazi yetu kupika tu.
Akafikiri.
"Basi ni kama sisi. Ila usikubali bei ya kwanza."

Nikachagua ndogo kuliko zote.
Nenosiri likakataliwa mara tatu:
fupi, jepesi, halina alama.
La nne nikaandika tusi refu la kwetu
lenye alama ya mshangao mwishoni. Likapita.

Dakika kumi na mbili kijiduara kikazunguka
kama mtu anayetafuta kiatu chake mlangoni pa msikiti.
Kisha: tayari.
Nikabisha. Kimya.
Nikabisha tena, kimya, mpaka muda ukaisha.
Kumbe mlango sijaufungua mwenyewe.
Ukuta ule haumjui mtu mpaka umtambulishe.
Swabri kwa simu: "Fungulia dunia nzima, utalala mapema."
Nikaandika anwani ya duka, hiyo peke yake.

Majedwali matatu: Wateja, Vyombo, Safari.
Kila chombo na namba yake, isirudiwe.
Kila safari ishike mkono wa mteja, na wa pili ushike chombo.
Na mteja hafutiki
maadamu sufuria yetu i jikoni kwake.
Sheria hii Mama anayo tangu zamani, bila mashine:
"Mtu hafi na sinia langu."

Kisha daftari. Jalada jeusi, kurasa zimelowa samli.
Yeye asoma, mimi nabonyeza.
Mwanaesha Shekue, Kibokoni, masinia sita, yamerudi matano.
Mwatsahu, Likoni, hema, limerudi na tundu la sigara.
Kadzo, Kisauni, sufuria namba arobaini na moja,
matanga ya mtoto.
Tarehe ya kurudi

hakusoma. Nikalichukua daftari.
Kwa penseli, hati yake ya enzi za macho mazima:
*usidai.*

Nikamtazama. Alikuwa akilitazama goti.
"Mashine yako ina mahali pa neno hilo?"

Haina. Ina tarehe, ina shilingi, ina ndiyo na siyo.
Nikitia sifuri, nimesema tulipima tukakuta hakuna kitu.
Nikitia tarehe ya leo, nimemrudishia Kadzo mdomoni
sufuria ambayo hakuileta.
Limebaki moja: safu ile niiruhusu kuwa tupu.
Na tupu si sifuri.
Tupu ni pahali ambapo hukuuliza.

Saa sita na robo nikarudi kwenye jedwali la Safari,
nikang'oa lile neno "lazima" nililoligongomea mwenyewe jioni.
Mstari ukaingia bila kelele.
Arobaini na moja, imetoka, kwa Kadzo,
na baada ya hapo, hakuna.

Sasa kila saa tisa usiku, mbali na Mombasa,
mashine isiyomjua Kadzo
itaunakili utupu ule, isiupunguze,
iupeleke chumba cha pili ukahifadhiwe.

Mama kishafunua ukurasa.
"Andika. Arobaini na mbili. Kifuniko kimepotea.
Huyo mdai."