Ulimi wa Mama

Miaka sita kipimo chetu kilikuwa ulimi wa mama.
Alichovya kidole kwenye tangi la sebuleni,
Barabara ya Kumi na Tano, Ngamiani,
akalamba, akatazama dari kama anayetafuta jina la mtu,
akasema, "Yapo." Au, "Yamelala, yaamshe."
Nami niliamini. Ujana wake wote
aliukokota kwa reki kwenye mashamba ya chumvi ya Mtimbwani;
nani angemfundisha huyo chumvi?

Mwaka huu samaki wawili wa rangi ya chungwa
wakaacha kugombania chakula.
Tumbawe laini likajikunja kama ngumi ya mtoto.
Mama akalamba. "Yapo."
Akalamba tena. "Yapo."
Jioni ile akatia vijiko vitatu vya chumvi kwenye uji,
akaunywa wote, akashukuru.
Nikajua.

Basi nikaanza kutafuta kipimo.

Mpwa wangu Shekue, fundi betri,
kaja na bomba lake la kioo lenye boya ndani:
nyekundu, nyeupe, kijani.
"Hili hupima tindikali ya malori ya mkonge,
litashindwa na maji ya samaki?"
Lilishindwa. Boya lilizama hadi chini,
likatuambia bahari nzima imeisha chaji.

Kisha kikasha cha plastiki chenye mshale,
nilichoagizia Mombasa kwa bei ya doti moja ya kanga.
Unajaza, mshale unapanda, unasoma.
Lakini kiputo kimoja cha hewa kikiushika,
mshale hupanda na uongo wake,
na ukiusahau wiki moja bila kuuosha
chumvi huganda kwenye kiungo chake,
kila asubuhi ukakupa neno jingine
kwa uso ule ule mkavu.
Nina shemeji wa namna hiyo.

Kalamu ya umeme niliishika dukani.
Iliandika tarakimu upesi, kama mwanafunzi anayeibia mtihani.
Nikauliza bei. Nikairudisha polepole.

Nikachagua darubini ya chumvi,
chuma kizito cha kuenea kiganjani.
Matone mawili juu ya kioo chake cha mteremko,
funika, elekeza dirishani:
ndani mna buluu juu, nyeupe chini,
na pale zinapokutana, mstari.
Mstari hautii chumvi kwenye habari.
Unakaa tu penye namba.

Ila nayo ina sharti. Kabla hujaiamini
sharti uifundishe sifuri,
kwa maji yasiyobeba kitu chochote.
Hapo Shekue akapata kicheko chake:
maji hayo anayauza yeye, chupa ya lita,
maji ya betri.

Nikageuza skrubu mpaka sifuri ikatulia.
Nikadondosha maji ya tangi.
Arobaini na moja kwa elfu.
Nikaenda Raskazone, nikasimama maji ya magoti,
jicho kwenye chuma, watoto wakidhani napiga picha.
Thelathini na tano.

"Mama, tangi likipungua unajazia nini?"
"Ya bahari. Samaki wa bahari utamjazia ya bomba?"
Nilitaka kumweleza kwamba joto hunyanyua maji,
chumvi haliigusi;
kwamba kila ndoo ilikuja na chumvi yake
ikaikuta ya jana imekaa inangoja.
Maji huondoka. Chumvi hubaki.
Nikamtazama, aliyekula chumvi kuliko mtaa mzima,
nikanyamaza.

Siku kumi na mbili nilitoa kikombe cha tangi,
nikarudisha kikombe cha maji matamu,
taratibu, maana samaki huuawa hata na rehema ya ghafla.
Arobaini. Thelathini na nane. Thelathini na nane bado.
Siku ya tisa tumbawe likafungua kidole kimoja.

Leo nimempa mama darubini.
Ameielekeza dirishani, jicho moja kafumba,
mdomo wazi kidogo.
"Kuna buluu," kasema, "na kama ukungu."
"Zinakutana wapi?"
Kanitajia namba. Ilikuwa sahihi.

Kisha, nilipogeuka kuchukua kitambaa cha kufutia,
nikasikia maji yakitikisika:
kidole kimechovywa.