Kodi Saba

Bwana Tsofa aliingia gereji yetu ya Maweni
kwa gia ya tatu, ileile tangu Msabaha,
Wingroad ikiguna kama mtu aliyeamshwa kabla ya saa yake.
Taa ya injini inawaka, ya gia inawaka,
mshale wa mwendo umelala kwenye sifuri
na gari lenyewe linakwenda.

Lali akachomeka mashine chini ya usukani,
akasoma kwa sauti, kama anaita majina ya watoro:
sensa ya kranki,
sensa ya mwendo,
solenoidi mbili,
giaboksi, lalamiko la jumla,
joto la hewa,
na kompyuta mbili zisizosemezana
kama majirani wa mpaka mmoja.
"Kodi saba, fundi Mbeyu."

Bwana Tsofa akabana bahasha yake kwapani.
"Kodi gani tena? Nimelipa mpaka Desemba!"

Ilibidi nimweleze kwamba ni lugha yetu mafundi.
Hakucheka. Kule Mombasa, alisema,
walimtajia giaboksi ya laki na ishirini
kabla hawajafungua boneti.

Mimi sibishani na mashine.
Ila mashine humtaja anayelia,
haimtaji aliyempiga.
Watoto saba wakilia nyumba moja
usikimbilie dawa saba:
funua kwanza sufuria.

Nikazifuta zote. Nikawasha.
Zikarudi tano, kwa mpangilio mwingine.
Hapo ndipo nilipoanza kufurahi.

Nikachukua mita yangu ya manjano, yenye kioo kilichopasuka:
ncha moja kwenye chuma cha injini,
ncha moja kwenye hasi ya betri.
"Lali, piga stata."
Haitakiwi kufika hata nukta mbili.
Ikasoma moja nukta tisa.

Umeme una kwenda na una kurudi.
Njia ya kwenda kila fundi huichungulia,
huibadilishia fyuzi, huipangusa.
Ya kurudi nani anaikumbuka?

Nikatandika boksi la vigae vya Waitaliano, nikaingia uvunguni.
Ulikuwa pale, kati ya giaboksi na bodi,
waya wa kusukwa, mnene kama kidole gumba,
umeota kijani.
Miaka miwili gari hili lililala Casuarina,
nyuma ya hoteli iliyofungwa, likila chumvi.
Nikauvuta kwa vidole viwili.
Ukavunjika kama biskuti.

"Shida ni nini, fundi?"
"Ardhi."

Akanyamaza. Akaitazama ile bahasha.
"Hata gari?"

"Hata gari. Hizi sensa hazikusema uongo,
kila moja imesema ilichokiona
kwa umeme uliokosa pa kurudi."

Nikakata kebo ya lori kuukuu,
nikapiga msasa mpaka chuma kikacheka,
nikakaza kwa spana ya kumi na mbili, nikapaka grisi.
Tukaenda Ganda, tukarudi: moja, mbili, tatu, nne,
na mshale wa mwendo ukiinuka taratibu
kama mgonjwa anayejaribu kukaa.

Kodi moja ikabaki, ya joto la hewa.
Hiyo sensa ni mbovu kweli, nikamwambia,
elfu moja na mia tano, si lazima leo.

Lali, ambaye hana adabu, akaandika risiti:
*Kodi ya ardhi, mia nane.*
Bwana Tsofa aliisoma mara mbili,
akaikunja, akaitia katika bahasha
pamoja na barua za Msabaha,
za baba yake, na za babu.

Tulimsikiliza mpaka kona ya msikiti.
Moja. Mbili. Tatu.
Ya nne hatukuisikia;
barabara ile ina matuta.