Yasiyoingia kwenye Muhtasari

Mkutano ulifunguliwa saa nne na robo
badala ya saa tatu,
kwa kuwa viti vya mtaa vilikuwa bado vimelowa
na Mhoja alikuwa akivianika juu ya jiwe
kimoja kimoja, kama mtu anayetandaza dagaa.

Mimi ni katibu. Kalamu ni ya serikali,
daftari nimelinunua mwenyewe. Lile la zamani liliondoka na maji
usiku wa Jumanne, na mahudhurio ya miaka sita.
Sahihi zetu zote sasa zimo ziwani.
Huenda sangara wanasoma nani alitoa udhuru.

Ajenda ya kwanza: maji hayaji.
Ajenda ya pili: maji yamekuja.
Mtendaji alininong'oneza nizitenganishe,
maana moja ni ya mamlaka, nyingine ya halmashauri,
na barua moja haibebi mihuri miwili.

Huku Mabatini juu, ukisimama mlangoni kwa Milembe
ziwa lote unaliona, limejilaza,
halina haraka na mtu.
Bomba lake halijatoa tone tangu Nane Nane.
Alfajiri linakoroma, linatoa upepo,
na upepo huo mita inauhesabu.
Alisimama na bili, akaisoma mbele ya watu
taratibu, kama wosia:
uniti nne.
"Nimelipa," akasema. "Sitaki deni na upepo."

Nimeandika: Mjumbe aliomba ufafanuzi kuhusu ankara.

Wa bondeni, wa kando ya Mirongo, hawakuinua mikono.
Kwilasa fundi cherehani alianza tu kusema, amekaa,
kwamba maji hayakupiga hodi.
Yaliinua godoro na mtoto juu yake, amelala,
yakamzungusha chumba kizima bila kumwamsha,
yakamwegesha dirishani
kama mtu anayetafuta pa kuweka mzigo asiojua ni wa nani.
Cherehani ilipatikana kwenye kalvati, siku ya tatu.
Sare za shule alizokwisha kushona
zilikutwa zimenasa mitini huko chini, mikono imefumbata matawi.

(Hapa niliacha kuandika. Kalamu ilikuwa nzima.)

Mhandisi wa jiji ni kijana, buti zake mpya za mpira
bado zina alama ya bei.
Alikunjua ramani juu ya boneti ya gari.
"Mto huu hapa." Uzi mwembamba wa bluu.
Kwilasa akainama: "Na mimi niko wapi?"
Kijana akasogeza kalamu, akairudisha, akakohoa.
"Wewe, baba... uko ndani ya mto."
Kwilasa akatoa mfukoni risiti za kodi ya jengo,
miaka tisa, zimegandana kama chapati,
akazipanga juu ya ule uzi wa bluu hadi ukafunikwa.
"Basi jiji limekuwa likitoza kodi kambare."

Tulicheka. Hata Mtendaji alicheka, kisha akakumbuka.
Mhandisi hakucheka.
Milembe alimletea kopo la maji asafishe buti,
maji ya dumu la mia tano, aliyopanda nayo mawe yote yale.
Alilitazama kopo muda mrefu kuliko ramani.
"Hapana, mama. Nitaingia nayo ofisini hivi hivi."
Sijui kama aliingia nayo. Kutoka hapa hadi ofisini
pana madimbwi mengi ya kusafishia buti.

Ajenda ya mengineyo hatukuifikia.
Tone la kwanza lilidondoka kwenye neno "mkakati"
na wino ukaanza kutembea.
Wa juu wakakimbilia ndoo.
Wa bondeni wakakimbilia magodoro.
Walipishana kwenye ngazi za mawe
bila kusalimiana, kila mmoja akiiombea mvua dua yake.

Nilibaki na viti.
Nikaandika kwa penseli, maana penseli haiogopi:
Mkutano uliahirishwa saa saba kasorobo
kwa sababu ya maji.

Jana Mtendaji amerudisha ukurasa, amezungushia neno la mwisho,
pembeni ameuliza: yapi?
Sijamjibu.
Nimegonga mihuri yote miwili.