Inasikiliza Kwanza

Ghorofa ya tatu, Barabara ya Luthuli,
chumba cha upana wa meza na nusu.
Kwamboka amekaza skrubu ya mwisho.
Simu ilitumbukia kwenye sufuria ya githeri
Ijumaa, kule Kayole. Mwenyewe, Bwana Musembi,
amekalia ndoo iliyopinduliwa,
kofia magotini, kama mtu aliye nje ya wodi.

Kioo kinawaka. Pembeni juu,
mahali pa mistari ya mtandao, iksi ndogo.

"Haishiki."
"Ngoja. Inasikiliza kwanza."

Maana simu haianzi kwa kusema.
Imezinduka haijui saa,
haijui kama iko Nairobi ama Namanga;
ndani yake chembe ya fuwele ya bei rahisi
inahesabu wakati kwa kubahatisha.
Basi inapita masafa baada ya masafa
kama anayepapasa ukuta gizani akitafuta swichi,
na kote kumejaa maneno, ya watu wengine.

Inachotafuta si neno. Ni pigo.
Mnara ulio juu ya paa la hoteli ng'ambo
hupiga pigo lile lile mara mia mbili kwa sekunde,
mvua, jua, saa tisa usiku,
hata pasipo wa kusikiliza.
Haumwiti mtu. Unasema tu: hapa, hapa, hapa.

Mara, limelingana.
Simu inasukuma saa yake, unywele tu,
inadaka pigo la pili ubavuni mwa la kwanza,
na kwa hayo mawili inaujua mnara kwa namba:
mia tatu na kumi na saba.
Inasoma kibao cha mlangoni.
Ndipo inabisha hodi, fupi, bila kujitaja.

Na mnara hujibu: nimekusikia,
ila u mbali kuliko unavyodhani.
Anza kusema mapema kidogo,
sauti yako ifike pamoja na za walio karibu.

Hapo ndipo Kwamboka, chuoni, aliacha kuandika.
Mamake wa Nyamache
hupiga saa kumi na moja alfajiri,
huanzia habari katikati, salamu baadaye:
ng'ombe, paa, mazishi ya jirani.
"Mama, mbona mapema hivi?"
Tangu siku ile hajamuuliza tena.

Iksi imetoweka. Mstari mmoja.
Miwili.
Musembi amesimama, ndoo imebingirika.
Kisha meza inaanza kutetemeka:
jumbe za siku nne, moja juu ya mgongo wa nyingine.

Kwamboka anageukia dirisha,
mtu asome vyake.
Kule juu ya mnara kunguru anajikuna.

"Mia nane," anasema, bado akitazama nje.
"Na mwambie mpishi apunguze chumvi.
Imekula bodi."